Sura ya Kutisha na Sura ya Wazee

Ndugu wasomaji, wazee walisema: mutoto akililia wembe, umupe. Katika kurasa hizi tunapenda kuwaelezea namna wanafunzi wetu walivyolilia wembe, namna tulivyowapa, na kile tulichojifunza wote, watoto pamoja na mwalimu wao.

Sisi ni mwalimu wa historia katika masomo moja ya sekondari mjini Bukavu. Diploma yetu tuliipata ISP, na tangu siku zile tunashika chaki. Mwaka wa masomo 2018-2019 tulipewa kazi ya kuongoza kilabu ya sinema ya wanafunzi wa mwaka wa tano. Kilabu ilikuwa jina tu. Kamera hakuna, taa hakuna. Kulikuwa telefone tatu zenye kupiga picha vizuri, na vijana kumi na wawili, wasichana kwa wavulana. Siku ya kwanza tuliwauliza: "Munataka filme gani?" Tulifikiri watasema filme ya mapendo, ao ya kuchekesha. Wakajibu kwa sauti moja: "Filme ya kutisha, Mwalimu!"

Tulinyamaza kidogo. Kutisha, hapa Bukavu? Sisi tulikuwa kijana wa masomo wakati vita ilipoingia mjini mwezi wa kumi mwaka 1996. Tuliona tena zile siku za mwezi wa sita mwaka 2004. Tukajiuliza: mutu aliyekwisha kuogopa vile, atatafuta tena woga wa kuongeza? Lakini kijana mmoja alitujibu vizuri: "Mwalimu, woga wa filme uko na mwisho. Taa inawaka, batu banacheka, banarudia nyumbani." Jibu lile lilitushinda. Tukakubali.

Kabla ya kugusa rangi, tuliwafundisha kidogo historia ya kazi yenyewe. Tuliwaelezea kwamba mwaka 1931, huko Marekani, filme Frankenstein ilipotoka, mutu aliyeitwa Jack Pierce alitengeneza kile kichwa cha ajabu juu ya kichwa cha mchezaji Boris Karloff kwa pamba, gundi na rangi, na kila siku ya kazi Karloff alikaa masaa mengi kwenye kiti. Mwaka 1968, filme Night of the Living Dead ilitengenezwa kwa makuta kidogo. Damu yake ilikuwa maji mazito ya shokola, maana picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na hakuna mutu angeweza kutofautisha. Mwaka 1978, wale wa filme Halloween walinunua dukani maski ya mpira yenye sura ya mchezaji William Shatner, wakapanua matundu ya macho, wakaipaka rangi nyeupe, basi. Watoto wakafurahi sana. "Kumbe hata Bazungu banatengenezaka na bintu ya duka!"

Ndiyo, na sisi vilevile tulianza na vitu vya duka na vya jikoni. Damu tuliipika hivi: sukari na maji juu ya mbabula mpaka inakuwa nzito, kisha rangi nyekundu ya kutia katika keki, na kijiko kimoja cha kahawa ya unga ili isingʼae sana. Kidonda tulikitengeneza kwa vaseline na unga wa ngano. Unavikanda pamoja mpaka vinashikamana sawa bugali, unabandika juu ya ngozi, unalainisha kandokando kwa kidole mpaka mpaka hauonekane, unapasua katikati kwa ukingo wa kijiko, kisha unapaka rangi ndani ya mpasuko. Kwa makuta kidogo watoto walipata mikono yenye kutisha kweli. Shida ilikuwa moja: sisimizi. Damu ya sukari inapendwa na sisimizi kuliko asali, na siku ya pili tulizikuta nguo za mchezo zinatembea zenyewe.

Hapa tukiri kosa letu. Juu ya kutengeneza ngozi ya kuungua, tuliruhusu watumie kole nyeupe ya mbao pamoja na karatasi laini. Kwenye telefone watu walikuwa wanafanya vile, na sisi hatukufikiri mbali. Kijana mmoja alipakwa kwenye shavu. Wakati wa kubandua, alilia, na shavu likavimba siku mbili. Mama yake alikuja masomoni, na alikuwa na haki. Tuliomba radhi mbele ya kalasi nzima. Tangu siku ile tukaweka sheria: kitu cha mbao kibaki kwenye mbao, kila rangi ijaribiwe kwanza kwenye mukono, tungojee mpaka kesho yake, na karibu na macho hatupake kitu.

Tuligundua jambo lingine. Mafundisho yote tuliyoyapata yalikuwa ya ngozi nyeupe. Yanasema: mutu aliyepigwa, umupake nyekundu, kisha bluu, kisha kijani. Tulipopaka vile juu ya watoto wetu, walifanana na ukuta wa kalasi baada ya somo la kuchora. Ngozi yetu ikipigwa haikuwi bluu. Inakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na wekundu kidogo kwa chini. Basi tukasaga makala laini kabisa, tukachanganya na vaseline na rangi ya midomo yenye wekundu mweusi. Ikawa sawa. Tukawaambia watoto: kazi hii inaanza na kutazama sura iliyo mbele yako, si ile ya kitabu.

Siku ile ile tulipofaulu ndipo msichana mmoja alisimama akatoka. Tulikuwa tumemupaka mwenzake kidonda kwenye paji la uso, na damu nyingi mpaka kwenye kola, na wote walikuwa wanapiga makofi. Tulimufuata inje. Alikuwa kwenye robine, ananawa mikono yenye haikuwa na kitu.

Tukamuuliza: "Binti, kuna nini?"

Akajibu bila kutuangalia: "Mwalimu, damu haiko vile."

Hatukumuuliza alijua wapi. Mutu mwenye ameishi huku kwetu anajua maswali ya kuacha. Mwaka ule wa 2018 daktari Denis Mukwege, wa hospitali ya Panzi hapa mjini, alipewa Nobel ya Amani juu ya kazi yake ya kutunza wanawake waliofanyiwa ubaya wakati wa vita. Mji wetu unajulikana dunia nzima juu ya vidonda na juu ya kuviponya. Na sisi tulikuwa tunapikia damu sukari na kupiga makofi. Tulimuambia yule binti: "Kama unataka, filme tunaiacha." Akafikiri, akasema: "Apana. Tusiache. Lakini muniache mimi niseme damu iwe wapi." Tukamupa kazi ile, na tangu pale hakuna mutu aliyegusa chupa ya rangi nyekundu bila ruhusa yake.

Ilibaki sura ya lile jini la filme. Kijana mmoja, ambaye familia yake inatoka Mwenga, alileta picha aliyoiona kwenye telefone: sura ndogo ya mbao, nyeupe, yenye umbo la moyo, macho membamba, na ndevu ndefu za nyuzi. Ilikuwa sura ya Balega, iliyowekwa katika makumbusho huko Ulaya. "Mwalimu, tazama! Iko nyeupe sawa ile ya Halloween. Hii njo muzimu wetu." Wote wakapenda. Kusema kweli, sisi vilevile tulipenda. Tulifikiri: vizuri, wataacha za Wazungu, watachukua za kwetu. Lakini sisi ni Mushi, na mambo ya Balega hatuyajui kwa ndani. Tukamuambia kijana: "Nenda kwanza umuulize babu yako."

Jumamosi babu akaja mwenyewe, na fimbo yake. Tulimupa kiti chetu, akakataa, akakaa kwenye banki ya wanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia munataka kumufanya lukwakongo kuwa shetani."

"Baba, tulitaka ruhusa kwanza. Ndiyo maana tulimutuma mujukuu wako."

"Muliwaza vizuri. Lakini nani aliwaambia ile sura inatisha?"

Hakuna aliyejibu. Muzee akatueleza. Mengine hakuyasema, na sisi hatukumuvuta. Yale tunayoandika hapa ni yale aliyoyasema mbele ya watoto, nayo yanapatana na yale ambayo Daniel Biebuyck aliandika katika kitabu chake juu ya Balega mwaka 1973. Lukwakongo ni ya bwami. Bwami ni chama na ni shule ya Balega, wanaume na wake zao, ambamo mutu anapanda ngazi kwa ngazi kwa tabia njema na kwa msaada wa ndugu zake. Ngazi ya juu kabisa inaitwa kindi. Chini yake iko yananio, na wa yananio ndio wenye lukwakongo. Sura ile ni ndogo, haifuniki uso wa mutu muzima. Mara nyingi haivaliwi usoni hata kidogo. Inashikwa mkononi, inafungwa kwenye mkono ao kwenye goti, inawekwa chini, inatundikwa na zingine juu ya uzio, ao mutu anaikokota kwa ndevu zake. Kila tendo lina mezali yake, na mezali ndiyo mafundisho. Weupe wake ni wa pemba. Mwenyewe akifa, sura inawekwa kwenye kaburi, kisha anapewa mrithi.

"Ile ni sura ya mutu aliyekufa na anaendelea kukufundisha," Muzee akasema. "Wewe utamukimbia babu yako juu amepakwa pemba?"

Mujukuu wake akainamisha kichwa. Muzee akaongeza kwamba wakati wa Wabeleji bwami ilikatazwa; sheria ya kuivunja ilitoka mwaka 1948. Sura zingine zilifichwa, zingine zilivuka bahari, na leo mutu anaweza kuziona Tervuren, huko Ubelgiji, nyuma ya kioo, bila mezali. "Walitusema ni mambo ya shetani. Sasa nyinyi munataka kusema maneno yale yale katika filme yenu?"

Tulisikia haya, ndugu wasomaji. Sisi tunaofundisha mwaka 1885 na mwaka 1960 kwa tarehe na majina, tulikuwa karibu kurudilia kazi ya mkoloni kwa furaha, tukiita utamaduni.

Lakini Muzee hakutukataza filme. Akawageukia watoto: "Kutisha si vibaya. Sisi pia tulitishwa, ili tuelewe. Ila kila sura inasema neno. Nyinyi munaogopa nini? Kama hamujue kile munaogopa, sura yenu itasema nini?"

Jumatatu tuliwapa kila mmoja kipande cha karatasi, bila kuandika jina. Andika kitu unaogopa. Mmoja aliandika nyoka. Mwingine aliandika Egzamen ya Serikali, na wote wakacheka. Wawili waliandika ziwa wakati wa usiku. Wale nane wengine, bila kusikilizana, waliandika neno moja kwa njia mbalimbali: mulango unagongwa usiku. Mutu anagonga na hasemi hodi.

Hapo filme yetu ilipatikana, na jina lake pia: Hodi. Kwetu mutu mwenye roho safi, hata akiwa mugeni, anasimama inje na kusema hodi, mpaka wenye nyumba waitike karibu. Yule asiyesema hodi ndiye jini. Basi watoto wakapata sura yake wenyewe: sura isiyo na kinywa. Haiwezi kusema hodi. Hakuna meno marefu, hakuna pembe, hakuna damu.

Tuliitengeneza hivi. Juu ya beseni iliyogeuzwa tulifinyanga uso kwa udongo, tukaupaka vaseline ili kitu kisishike. Tukapasua magazeti vipande virefu, tukapika uji mzito wa unga wa muhogo, tukabandika vipande tabaka juu ya tabaka, mpaka sita. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua kila siku. Sura ya kwanza haikukauka. Ilianza kunuka sawa muhogo uliolowekwa, ikaota ukungu, na panya wakala kidevu. Ya pili tuliweka tabaka moja tu kwa siku, tuliikausha pole pole mbali kidogo na mbabula, na ndani ya uji tulitia ile kole ya mbao. Hapa ilikuwa pahali pake.

Wakati wa kupaka rangi, mmoja aliuliza kama wanaweza kutia pemba. Mujukuu wa Muzee alijibu mbele yetu: "Pemba tuache. Ile iko na benyewe." Wakachanganya majivu, masizi ya sufuria na udongo, ikatoka rangi ya ukuta wa matope uliopigwa na mvua. Nywele zilikuwa majani makavu ya mugomba. Kwa kuwa kinywa hakikuwepo, tulitoboa matundu makubwa kwenye pua, na sheria ilikuwa hii: mwenye kuivaa asipite dakika kumi, na mwenzake akae karibu naye wakati wote.

Tulipiga picha usiku tatu, kwenye nyumba ya muzazi mmoja huko Kadutu. Hadisi ni fupi. Nyumba moja, mama na watoto wawili, umeme umekatika. Mulango unagongwa. Mutoto anauliza: "Nani?" Kimya. Unagongwa tena. Yule binti wa robine alikuwa ameamua kwamba katika filme nzima damu itaonekana mara moja, asubuhi, kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani, na mama anaiosha kwa maji na brosi. Alitupikia mwenyewe: kahawa nyingi, rangi nyekundu kidogo sana, ikauke kabisa juu ya saruji. Ilitoka kahawia, karibu nyeusi, kama doa la mafuta. Tulipoitazama kwenye telefone, hakuna aliyepiga makofi. Usiku wa pili mulango unagongwa kwa yule mama mwenyewe. Sura isiyo na kinywa inatokea kwenye dirisha. Mama anachukua sufuria na kijiko, anapiga. Jirani anasikia, naye anapiga yake. Nyumba kwa nyumba, mutaa wote unapiga sufuria na filimbi, kama tunavyofanya kweli hapa usiku. Asubuhi watoto wanakuta ile sura imeanguka njiani.

Mwezi wa sita 2019 tuliionyesha katika sale ya masomo, kwenye shuka nyeupe, kwa projekta ya kuazima. Dakika kumi na moja tu. Wazazi walikuja, na Muzee alikaa mbele. Wakati mulango ulipogongwa mara ya kwanza, sale ilinyamaza mpaka tukasikia mvua juu ya mabati. Na wakati sufuria zilipoanza, mama mmoja kwa nyuma alianza kupiga banki kwa mkono. Mwingine akafuata. Mwishoni sale nzima ilikuwa inapiga, wazazi na watoto, na hatukusikia tena sauti ya filme. Yule binti alikuwa amesimama kwenye ukuta. Kazi yake siku ile ilikuwa kuwasha taa. Akaiwasha. Watu wakatazamana, wakaanza kucheka, na wengine walikuwa na machozi.

Tulimuendea Muzee. Tulingojea aseme neno kubwa juu ya desturi. Akauliza: "Ile sura yenu, sasa mutaiweka wapi?"

Kijana mmoja akajibu: "Tutaitupa, Muzee. Panya bataikula tu."

"Sura haitupwe. Kama imesema neno, mupe mutu wa kuichunga."

Ndugu wasomaji, tunaandika haya kwa ajili ya walimu wenzetu na wazazi wanaoogopa michezo ya vijana. Watoto wakililia wembe, tuwape, lakini tukae nao, na tuwaite wazee wakae nao. Rangi na gundi watajifunza wao wenyewe, na kwa haraka kutupita sisi. Kile hawawezi kujifunza peke yao ni kuuliza: sura hii ni ya nani, na inasema nini? Kama hatukuwaelezea sura za babu zao, wataziona mara ya kwanza katika telefone, na watazidhania kuwa mashetani. Kosa halitakuwa lao.

Mwezi wa tisa 2019, wale wa kilabu, sasa wakiwa mwaka wa sita, walikusanyika na wadogo wao wa mwaka wa tano. Walifungua kabati, wakatoa ile sura. Ndani yake waliandika majina yao kumi na mawili kwa bike ya bluu. Kisha mujukuu wa Muzee akampa mikononi msichana mmoja mpya. Yule alitaka kuijaribu usoni palepale.

"Apana," kijana akamuambia. "Kwanza kaa. Nikuelezee."